Namba nne mfupi hapimwi kwa ribaundi za mwaka wa kwanza

Tarehe 16 Februari 2009, mjini Hartford, Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilicheza mpira wa kikapu na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho wakati huo kilikuwa kinaongoza orodha ya timu bora za vyuo nchini Marekani. Chini ya kikapu cha Connecticut alisimama kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, sawa na mita 2.21. Aliyepambana naye alikuwa DeJuan Blair, ambaye orodha ya timu ilimwandika futi 6 na inchi 7, na waliompima bila viatu wakakuta pungufu ya hapo. Mapema katika mchezo wawili hao waligombea mpira, mikono yao ikanasana, Blair akainamisha bega, na Thabeet akapinduka juu ya mwenzake hadi sakafuni. Mchezo ulipokwisha Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23 (mipira iliyonaswa baada ya mtupo kukosa), Thabeet alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4, na Pittsburgh walikuwa wameshinda 76 kwa 68.

Nimeirudia video ya tukio lile mara nyingi, mwanzoni kwa uchungu wa Mtanzania, na baadaye kwa sababu inaonyesha waziwazi ni wapi urefu unafanya kazi na ni wapi unakoma. Mpira ukishakuwa hewani, mwenye mikono mirefu ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuupata. Kabla ya hapo, mtupo unapotoka mkononi na kila mtu anatafuta pa kusimama, vita huwa chini, kwenye nyonga na mapaja. Mfupi mzito hutanguliza mguu mmoja mbele ya mguu wa mpinzani, huketi juu ya mapaja yake kama mtu anayetaka kiti, kisha hurudi nyuma hatua moja au mbili akimsukuma kwa mgongo hadi mrefu anajikuta yuko chini kabisa ya ubao, mahali ambapo mpira hauangukii. Mrefu hawezi kumsukuma arudi, kwa sababu kitovu cha uzito wake kiko juu mno. Anabaki kunyoosha mikono juu ya mtu ambaye tayari amemnyang'anya ardhi.

Miezi minne baadaye, katika drafti ya mwaka huohuo, yaani siku timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Memphis walimchagua Thabeet wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na Blair akasubiri hadi namba 37 ndipo San Antonio walipomchukua. Haki itendeke: ufupi peke yake haukumshusha, kwa kuwa madaktari walikuta magoti yake yote mawili hayana kano kuu ya ndani, jambo ambalo lingeitisha timu yoyote. Hata hivyo swali lililomzunguka lilikuwa lilelile linalorudi kila mwaka wakati wa drafti: je, chipukizi mfupi, yaani mchezaji wa msimu wa kwanza, anaweza kufaulu katika nafasi ya namba nne, mshambuliaji mkubwa anayepigania mpira karibu na kikapu, mahali ambapo kwa miongo mingi walisimama watu wa mita 2.06 na kuendelea?

Jibu langu ni kwamba anaweza, na ushahidi upo wa kutosha. Ninachopingana nacho ni namna tunavyomhukumu. Tunatazama pointi na ribaundi zake za msimu wa kwanza, tunazilinganisha na za warefu, kisha tunatangaza kwamba amefaulu au ameshindwa, ilhali kwa mchezaji wa aina hii namba hizo mbili ndizo zinazodanganya kuliko zote, tena zinadanganya pande zote mbili.

Kwanza tukubali kwamba ufupi una gharama. Namba nne mfupi, tuseme wa futi 6 na inchi 7 kushuka chini, huumia mahali patatu. Mpinzani mrefu anaweza kumpa mgongo, kugeuka na kutupa juu ya vidole vyake. Hili lina dawa, maana mwenye miguu imara humsukuma mpinzani hadi mita nne au tano kutoka kikapuni, na mtupo wa huko si wa kuogopwa sana. Pili, wenzake wanapopitwa hawezi kuruka na kuufuta mtupo wa aliyeingia, lakini hilo ni suala la timu nzima na nitalirudia. La tatu ndilo linalowamaliza wengi. Chuoni alizoea kufunga akiwa hatua moja kutoka kikapuni, kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko kila aliyemkaba. Anafika NBA, anageuka kwa namna ileile iliyompa tuzo akiwa mwanafunzi, na mpira unapigwa kofi kabla haujapanda. Kijana aliyekuwa mfalme wa chini ya kikapu anagundua ndani ya wiki chache kwamba chakula chake kimehamishiwa rafu asiyoifikia. Anachofanya baada ya ugunduzi huo ndicho kinachoamua kazi yake yote.

Niongeze jambo kuhusu kipimo chenyewe. Kwa miaka mingi orodha za NBA ziliandika urefu pamoja na viatu na matumaini, hadi msimu wa 2019–20 ligi ilipozitaka timu zithibitishe urefu wa wachezaji bila viatu. Na hata urefu ulio sahihi hautoshi, kwa sababu mpira haushikwi kwa utosi. Upana wa mikono ya Blair ulikuwa futi 7 na inchi 2. Wa Draymond Green, ambaye ana futi 6 na inchi 6, ni futi 7 na inchi 1. Wote wawili, mikono ikinyooshwa, wanafika karibu mahali palepale wanapofika watu warefu kuliko wao. Anayetaka kujua kama chipukizi ni mfupi kweli aulize kwanza habari za mikono.

Kila mara mjadala huu unapoanza, mtu humtaja Charles Barkley, na ningependa tumweke pembeni. Barkley alichaguliwa wa tano mwaka 1984, msimu wake wa kwanza Philadelphia akapata wastani wa pointi 14.0 na ribaundi 8.6, na msimu wa 1986–87 akaongoza ligi nzima kwa ribaundi 14.6 kwa mchezo ingawa urefu wake halisi haukufika hata futi 6 na inchi 6 zilizoandikwa. Hakuna mfupi kuliko yeye aliyewahi kuongoza ligi kwa ribaundi. Lakini Barkley alikuwa na mwili mzito unaoruka kama wa mtu mwepesi, na miili ya namna hiyo haizaliwi kila muongo. Zion Williamson alikuwa nao: aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2019, wastani wa pointi 22.5 katika msimu wake wa kwanza, lakini katika michezo 24 tu, kwa sababu ya goti. Larry Johnson alikuwa nao pia, akawa chipukizi bora wa mwaka 1992 akiwa Charlotte, kabla mgongo haujamlazimisha kujifunza mchezo mwingine. Hawa hawatusaidii kumhukumu kijana wa kawaida anayechaguliwa namba 22 au 35.

Blair anatusaidia zaidi. Msimu wake wa kwanza alicheza michezo yote 82 akiwa na magoti yale yaliyowatisha madaktari, akapata wastani wa pointi 7.8 na ribaundi 6.4 kwa dakika 18 tu kila mchezo. Januari 2010, dhidi ya Oklahoma City, alipata pointi 28 na ribaundi 21. Alitajwa katika kikosi cha pili cha chipukizi bora. Mwezi Februari mwaka huohuo Memphis walimpeleka Thabeet katika ligi ndogo ya maendeleo, na mtu yeyote aliyekuwa anafuatilia angekuwa na haki ya kusema kwamba kesi imekwisha, mfupi ameshinda.

Kesi haikuwa imekwisha. Blair alianza michezo mingi katika misimu iliyofuata, kisha nafasi yake ikamegwa kidogo kidogo na wenzake Tiago Splitter na Boris Diaw, na baada ya msimu wa 2015–16 hakuonekana tena NBA, akiwa na umri wa miaka 27. Hakuwa amepoteza nguvu zake za ribaundi. Tatizo lilikuwa kwamba kila alichokijua kilihitaji hatua mbili za mraba chini ya kikapu, na hatua hizo San Antonio walizihitaji kwa ajili ya Tim Duncan na kwa ajili ya Tony Parker anapoingia kwa kasi. Aliyemkaba Blair hakuwa na sababu ya kumfuata nje. Alisimama ndani na kuwazuia wengine. Upande wa ulinzi, wapinzani walimvuta hadi mstari wa pointi tatu, wakamlazimisha kukabana na walinzi wadogo wenye kasi (wachezaji wa nje wanaoendesha mpira), na pale uzito ule uliomwangusha Thabeet ukawa mzigo.

Wakati huo mchezo wenyewe ulikuwa unahama. Msimu wa 2012–13 timu ya NBA ilikuwa inatupa mitupo ya pointi tatu karibu 20 kwa mchezo. Miaka kumi baadaye ilikuwa zaidi ya 34. Kuhama huko kumemfungulia mlango namba nne mfupi, kwa sababu namba nne mrefu sasa naye anatolewa nje kukimbizana. Lakini mlango huo haukufunguliwa kwa kila mfupi. Ulifunguliwa kwa yule anayeweza kuishi mbali na kikapu. Kenneth Faried, aliyevunja rekodi ya Duncan ya ribaundi katika zama za sasa za mchezo wa vyuo na kuingia kikosi cha kwanza cha chipukizi bora mwaka 2012, aliukuta mlango huo umefungwa kama Blair, na miaka saba baadaye alikuwa nje ya ligi.

Sasa tazama upande wa pili. Draymond Green alichaguliwa namba 35 mwaka 2012 baada ya miaka minne chuoni Michigan State. Msimu wake wa kwanza Golden State alipata wastani wa pointi 2.9 na ribaundi 3.3, na alikosa mitupo miwili kati ya kila mitatu. Kwa kipimo tunachokipenda, huyu alikuwa ameshindwa. Lakini Desemba 2012, mjini Miami, dhidi ya mabingwa watetezi, timu zikiwa sare zimebaki sekunde chache, kocha Mark Jackson alimwacha uwanjani chipukizi huyo asiyejua kutupa. Jarrett Jack alishika mpira, walinzi wa Miami wakachanganyana nani amfuate nani, Green akaliona pengo na kukata moja kwa moja kuelekea kikapuni, pasi ikamkuta peke yake, akaweka mpira ndani ikiwa imebaki chini ya sekunde moja. Golden State walishinda 97 kwa 95. Kwenye karatasi ya takwimu bao lile lina thamani ya pointi mbili, wakati kwa mchambuzi lilipaswa kuwa na thamani ya msimu mzima: hapa palikuwa na mtu ambaye kocha wake alimwamini mwishoni mwa mchezo bila kutegemea mkono wake, na ambaye aliuona uwanja sekunde moja kabla ya wengine.

Mwaka 2014 David Lee, namba nne mrefu na mchezaji wa All-Star (mchezo wa kila mwaka wa nyota wa ligi), aliumia msuli kabla ya msimu kuanza. Green akaingia, na Lee hakuirudisha nafasi yake. Katika fainali za 2015, Golden State wakiwa nyuma kwa michezo 2 kwa 1 dhidi ya Cleveland, kocha Steve Kerr alimweka benchi Andrew Bogut, senta wake, yaani mrefu wa chini ya kikapu, akamwanzisha Andre Iguodala, na Green akabaki kuwa mtu mkubwa kuliko wote katika kikosi chake, akikabana na Timofey Mozgov wa futi 7 na inchi 1. Walishinda michezo mitatu mfululizo na ubingwa. Mwaka 2017 akawa mlinzi bora wa ligi, na Februari ya mwaka huo, dhidi ya Memphis, alipata ribaundi 12, asisti 10 na mipira 10 ya kupokonya huku akifunga pointi 4 tu. Sijui mchezo mwingine unaoeleza vizuri zaidi nafasi hii inamtaka mtu mfupi afanye nini.

P. J. Tucker alichaguliwa namba hiyohiyo 35, mwaka 2006, na Toronto. Alicheza michezo 17, akaachwa kabla msimu haujaisha, kisha akatumia miaka mitano akihama kati ya Israel, Ukraine, Ugiriki, Italia na Ujerumani. Alikuwa mfungaji chuoni Texas, mwenye futi 6 na inchi 5, na NBA haikuwa na haja na mfungaji wa chini ya kikapu wa kimo hicho. Aliporudi NBA mwaka 2012, katika timu ya Phoenix, alikuwa amekuwa mtu mwingine: anamkaba yeyote anayepewa, anakaa kwenye kona, anasubiri mpira, anatupa. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa na Milwaukee. Ninapomfikiria, naona kilichomchelewesha ni kwamba hakuna aliyempa muda wa kuacha kuwa yule wa chuoni akiwa bado ndani ya ligi.

Kwa hiyo ningemshauri anayemtazama chipukizi wa aina hii aiache karatasi ya takwimu na atazame mambo mengine. Atazame kocha anampa nani wa kumkaba, na kama anabaki uwanjani dakika za mwisho mpinzani anapotafuta mtu dhaifu wa kumshambulia. Atazame kinachotokea anapopokea mpira katikati ya uwanja walinzi wawili wakiwa wamemkimbilia mwenzake: je, anasita, au pasi inatoka kabla mguu wa pili haujagusa chini? Atazame miguu yake anapokabana na mlinzi mdogo kwenye mstari wa pointi tatu, kama inateleza pembeni au inavukana. Na zaidi ya yote atazame kama anatupa mpira anapoachwa wazi, hata anapokosa. Anayekataa kutupa ameshakubali kwamba timu yake icheze watu wanne.

Timu nayo ina sehemu yake, na hapa narudi kwenye lile tatizo la pili. Karibu kila namba nne mfupi aliyedumu alikuwa na mrefu nyuma yake asiyegombania naye ardhi: Barkley alianza pembeni ya Moses Malone, Green alikuwa na Bogut, Paul Millsap aliitwa All-Star mara nne mfululizo Atlanta, tatu za kwanza akiwa na Al Horford, Tucker alikuwa na Brook Lopez. Houston walijaribu kuondoa sharti hilo Februari 2020, walipomwachia senta wao Clint Capela na kumfanya Tucker namba tano, yaani senta. Waliwatoa Oklahoma City kwa michezo saba, wakashinda mchezo wa kwanza dhidi ya Lakers, kisha wakapoteza minne mfululizo mbele ya Anthony Davis. Mfupi mmoja ni mtego kwa mpinzani. Kikosi kizima cha wafupi ni mwaliko. Timu inayomchagua chipukizi wa namna hii bila kuwa na mrefu wa kumlinda nyuma, halafu ikamlaumu kwa kushindwa kuzuia mitupo chini ya kikapu, inamwonea.

Nimalizie na Grant Williams, kwa sababu historia yake ingali karibu. Alikuwa mchezaji bora wa kanda yake mara mbili akiwa Tennessee, futi 6 na inchi 6, akifunga kwa kumpa mpinzani mgongo. Boston walimchagua namba 22 mwaka 2019, wakamwambia atupe kutoka kona. Mitupo yake 25 ya kwanza ya pointi tatu yote ilikosa. Wiki baada ya wiki mpira uligonga chuma na kurudi, na mchezo uliofuata alitupa tena. Hadi msimu wake wa tatu alikuwa anafunga zaidi ya asilimia 40. Mei 2022, katika mchezo wa saba dhidi ya mabingwa watetezi Milwaukee, wapinzani waliamua kulinda chini ya kikapu na kumwacha yeye wazi makusudi, shambulio baada ya shambulio, wakiamini hatathubutu. Alitupa pointi tatu mara 18, idadi ambayo hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ameifikia katika mchezo wa saba. Mitupo 7 iliingia, akamaliza na pointi 27, na Boston wakasonga mbele.